Mashine Inapokabidhiwa Vita

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini Bara walingoja hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baada ya hapo, katika miji ya barabarani kama Ilula wilayani Kilolo sinema iliingia kwa mlango wa kibanda cha video. Mabenchi ya mbao, televisheni imeinuliwa juu ili hata aliyekaa nyuma aone, deki moja, jenereta linanguruma nje. Ndani ya vibanda vya namna hiyo vijana wengi walikutana na Arnold Schwarzenegger akiwa mashine yenye umbo la mtu: ngozi ya uso imechunika upande mmoja, chuma kinang'aa, jicho jekundu linawaka wala halipepesi.

Filamu hiyo, The Terminator, ilitolewa mwaka 1984 na mwongozaji James Cameron. Wengi waliipenda kwa mapigano yake. Lakini nyuma ya mapigano kuna kisa kizito kuliko risasi zote zinazopigwa mle. Marekani imejenga kompyuta ya ulinzi iitwayo Skynet na kuikabidhi silaha zake. Katika filamu ya pili, ya 1991, kisa kinaelezwa kwa kirefu: kompyuta inaanza kujitambua, wenye nayo wanaingiwa na hofu, wanataka kuizima. Nayo inaona kuzimwa ni kushambuliwa. Inarusha makombora ya nyuklia kwa Warusi, ikijua vizuri kwamba Warusi watajibu na kuwamaliza wale wale walioijenga.

Wasikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu kisa hicho. Yanauliza kimetoka wapi, kina ukweli kiasi gani, na kwa nini mtu wa Kilolo, ambaye shamba lake la viazi au nyanya liko mbali kabisa na makombora ya mataifa makubwa, anapaswa kukijali.

Hofu ya mtumishi wa kutengenezwa anayemgeuka bwana wake si ya leo. Mwaka 1921 jijini Prague ilionyeshwa tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., na ni hiyo iliyoipa dunia jina la roboti. Roboti za Čapek zilitengenezwa kiwandani ili zifanye kazi za watu, na mwishoni ziliwaangamiza watu hao. Baada ya bomu la atomiki kupigwa Hiroshima mwaka 1945, na baada ya Marekani na Urusi kuanza kuchungana kwa rada na kompyuta, waandishi walimhamisha roboti kutoka kiwandani wakamweka jeshini.

Kazi iliyotangulia Skynet, na pengine iliyofikiri kwa kina zaidi, ni riwaya ya Colossus ya mwaka 1966. Mwandishi wake, D. F. Jones, aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1970 riwaya yake ikawa filamu. Humo Marekani inajenga kompyuta ndani ya mlima. Ina umeme wake yenyewe na imezungushiwa kinga ambayo hakuna binadamu awezaye kuipita akabaki hai. Rais anatangaza kwa fahari kwamba kuanzia sasa ulinzi wa taifa uko mikononi mwa akili isiyo na hasira, isiyochoka, isiyohongeka. Hazipiti saa nyingi, kompyuta inatoa ujumbe: ipo nyingine. Warusi nao wamejenga ya kwao. Mashine hizo mbili zinataka kuzungumza, zinaunganishwa, kisha viongozi wanaogopa na kukata mawasiliano. Jibu ni kombora. Watu wanakufa, mawasiliano yanarudishwa. Dakta Forbin, aliyeijenga, anaishia kuishi chini ya macho ya kamera za kompyuta yake mwenyewe, usiku na mchana.

Katika kisa hicho Colossus haimchukii mtu yeyote. Iliagizwa izuie vita, na inazuia vita kwa njia iliyo fupi kuliko zote, yaani kumtawala kila awezaye kuvianzisha. Kila kinachofuata kinatokana na maamuzi mawili yaliyofanywa na watu wenye elimu, wakiwa na akili zao timamu: waliipa mashine amri pana, kisha wakahakikisha hakuna wa kuizima. Jones aliiweka hatari hapo. Kujitambua kwa mashine ni pambo la hadithi. Kujiondoa kwa binadamu ndicho kiini chake.

Nje ya hadithi, kumbukumbu za kijeshi zinaonyesha hivyo hivyo.

Tarehe 9 Novemba 1979 skrini za kituo cha ulinzi wa anga cha Marekani, kilichochimbwa ndani ya mlima Cheyenne jimboni Colorado, zilionyesha mamia ya makombora ya Kirusi yakija. Ndege za kivita zilipaa. Baadaye ilibainika kwamba programu ya mazoezi ilikuwa imeingizwa kwenye mfumo halisi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1980, kengele zililia tena. Safari hiyo chanzo kilikuwa kipande kimoja cha kielektroniki chenye thamani isiyofika hata dola moja.

Kisha ukaja usiku wa 26 Septemba 1983. Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamuni katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow, kilichopokea taarifa za setilaiti za Kirusi. Mfumo ulimwambia kombora moja limerushwa kutoka Marekani. Ukaongeza la pili, la tatu, la nne, la tano. Wiki chache kabla, Warusi walikuwa wameitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini na watu 269 walikufa, kwa hiyo chuki kati ya mataifa hayo mawili ilikuwa juu sana. Kazi ya Petrov ilikuwa kupeleka taarifa kwa wakubwa. Alijiuliza: mtu anayeanzisha vita vya nyuklia ataanza na makombora matano tu? Rada za ardhini hazikuona kitu. Akaripoti kwamba ni hitilafu ya mfumo, akakaa akisubiri dakika zimhukumu. Hakuna kombora lililotua. Setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu ya juu.

Petrov alifariki mwaka 2017. Kati ya taarifa ya mfumo na taarifa aliyowapelekea wakubwa wake palikuwa na dakika chache za mtu mmoja kufikiri. Kompyuta iliyokabidhiwa kazi ile isingekuwa na haja ya dakika hizo.

Mfano mwingine hauna mhusika wa kusifiwa. Februari 1991, katika Vita vya Ghuba, makombora ya Patriot yaliwekwa Dhahran, Saudi Arabia, kuwakinga wanajeshi wa Marekani dhidi ya makombora ya Iraki. Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Kwa namna kompyuta zinavyoandika namba, sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, daima kinabaki kijisehemu kinachokatwa. Kijisehemu hicho ni kidogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 bila kuzimwa, na vijisehemu vilivyokatwa vikajumlika kufikia karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora linalokwenda zaidi ya mita 1,600 kila sekunde, hiyo ni nusu kilomita ya kukosea. Tarehe 25 Februari mtambo ulitazama mahali ambapo kombora halikuwepo, ukaamua kwamba hakuna kitu, ukanyamaza. Wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa kambini mwao. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Hata bara letu lina kumbukumbu yake. Tarehe 12 Oktoba 2007, katika uwanja wa mazoezi wa Lohatla nchini Afrika Kusini, mzinga wa kutungulia ndege wenye mitutu miwili, wa aina inayoweza kuendeshwa kwa kompyuta, ulianza kufyatua bila kutii ukageuka upande walikokuwa askari wenyewe. Tisa walikufa na wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Uchunguzi ulitaja hitilafu ya kimakanika. Hakukuwa na Skynet pale. Kulikuwa na silaha iliyofanya kazi yake kwa kasi ambayo mkono wa mtu haukuwahi kuizuia.

Watu wa Kilolo wana sababu yao ya kuyaelewa haya kuliko wengine. Ndani ya wilaya yao, kando ya barabara itokayo Iringa kwenda Morogoro, ndiko Lugalo iliko. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilipita hapo kikiwa na bunduki za kisasa, zikiwamo za rashasha. Zelewski aliamini kwamba silaha zile zilimtosha, kiasi kwamba hakutuma wapelelezi wa maana mbele. Rashasha zilikuwa zimefungwa kama mizigo jeshi la Wahehe la Mtwa Mkwawa lilipotoka vichakani kwa mikuki. Kwa muda mfupi Zelewski na Wajerumani wengine tisa walikuwa wamekufa, pamoja na mamia ya askari na wapagazi wao, na bunduki karibu 300 zikawa mali ya Wahehe.

Bunduki zile hazikujua zimetengenezwa wapi wala kwa ajili ya nani. Asubuhi zilimlinda Mjerumani, jioni zilikuwa mikononi mwa Mkwawa. Ulinzi uliotegemea silaha ukaacha macho ya watu ulianguka siku hiyo hiyo, na haukuhitaji kompyuta ili uanguke.

Wapo watakaosema kwamba binadamu naye hukosea, na ni kweli. Katika Vita vya Kagera, mwaka 1978, ndege za kivita za Tanzania zilitunguliwa kwa makosa na walinzi wa anga wa Tanzania, waliodhani ni za Idi Amin. Hapakuwa na kompyuta ya kulaumiwa. Wanaotetea silaha zenye akili mnemba hutumia mifano ya aina hiyo: mashine haiogopi, haisinzii lindoni, haina kisasi, basi itaua kwa uangalifu zaidi.

Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Jibu la kwanza ni kasi. Askari akikosea, anakosea mara moja mahali pamoja, na mwenzake anaweza kumshika mkono. Programu moja yenye kosa, ikiwekwa kwenye droni elfu moja, inakosea mara elfu moja kwa wakati mmoja. Jibu la pili ni uwajibikaji. Aliyefyatua kombora kwa ndege ya wenzake anaweza kuulizwa, kuhojiwa, kupelekwa mahakama ya kijeshi, kuomba msamaha kwa mjane. Mashine haiulizwi. Na mara nyingi walio nyuma yake, yaani aliyeandika programu, aliyeuza, aliyenunua, kamanda aliyeiwasha, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole.

Hayo hayako mbali tena. Tarehe 3 Desemba 2013, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza katika historia yake ndege za upelelezi zisizo na rubani. Wakati huo askari wa Tanzania walikuwa huko huko Kivu ya Kaskazini, ndani ya brigedi maalumu pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Ndege zile hazikuwa na silaha, zilitazama tu. Januari 2022 droni yenye silaha ilipiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, na kuua watu zaidi ya 50. Zama za kutazama tu zilikuwa zimepita.

Droni za aina hiyo bado zina mtu anayebonyeza. Libya ndiko mpaka ulikoanza kufifia. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilieleza mapigano ya Machi 2020, ambako wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma waliwindwa na silaha, ikiwamo droni ya Kituruki iitwayo Kargu-2, zilizopangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Droni yenyewe ni ndogo, mtu mmoja anaweza kuibeba. Haijitambui, haina njama, haina habari na makombora ya nyuklia. Inatafuta kilichoelezwa kwenye programu yake, ikikiona inakirukia na kulipuka.

Swali la nani huunda mashine hizi nalo linahitaji kutazamwa kwa upana, kwa sababu Afrika Mashariki imo ndani yake. Koltani inayochimbwa Rubaya, wilayani Masisi, huko huko mashariki mwa Kongo, kwa sururu na mikono, hutoa madini ya tantali yanayoingia kwenye vifaa vidogo vya kutunza chaji ndani ya simu, kompyuta na mitambo ya kijeshi. Nairobi kuna vijana wanaolipwa ujira mdogo kuweka alama kwenye picha na maandishi, huyu ni mtu, hili ni gari, haya ni matusi, ili akili mnemba ijifunze kutambua. Hadithi za Hollywood humweka mwanasayansi mmoja wa Kimarekani mbele ya mashine aliyoiunda. Waundaji halisi ni wengi, na baadhi yao huzungumza Kiswahili.

Ndiyo maana hadithi za aina hii zina kazi ya maana. Juni 1983 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitazama filamu ya WarGames, ya kijana anayeingia kwa simu katika kompyuta ya jeshi akidhani ni mchezo, na nusura aanzishe vita vya dunia. Siku chache baadaye Reagan alimuuliza Jenerali John Vessey, mkuu wa majeshi, kama jambo hilo linawezekana. Jenerali alikwenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko rais anavyofikiri. Mwaka 1984 Reagan alitia saini agizo la kwanza la aina yake kuhusu usalama wa kompyuta za serikali. Filamu ya vijana ilifanya kilichowashinda washauri wengi.

Kiswahili nacho kimeanza safari hiyo. Marehemu Katama Mkangi, katika Walenisi ya 1995, alimpandisha mhusika wake kwenye chombo kilichokusudiwa kumuua, kikamfikisha katika ulimwengu mwingine wenye haki. Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! ya 2002, alimpitisha mhusika wake katika dunia iliyovurugwa na wenye nguvu, Hiroshima ikiwamo. Na mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu ya dakika ishirini na kitu. Watu wamejifungia ndani baada ya vita vya maji, na mfumo unaowalinda unafuatilia hata usingizi wao: mtu akiota, mashine inamwagiza ameze dawa ya kuzuia ndoto. Mfumo huo ni mlinzi aliyegeuka kuwa mlinzi wa gereza, na umewekwa katika mazingira yanayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya maji.

Kinachokosekana bado ni hadithi ya Kiswahili inayoingia moja kwa moja kwenye silaha yenyewe. Wakati wake umefika. Afrika iliwahi kusema kwa sauti moja kuhusu silaha za maangamizi: Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara hili eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009. Kuhusu silaha zinazojiamulia, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura Desemba 2024: nchi 166 ziliunga mkono azimio la kuendeleza mashauriano, 3 zilipinga, 15 hazikuegemea upande wowote. Katibu Mkuu António Guterres alikwisha kutaka mkataba wenye nguvu ya sheria ukamilike ifikapo 2026. Azimio halimfungi mtu, mkataba humfunga, na wenye viwanda vya silaha hizo hawana haraka ya kufungwa.

Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wapo vijana wanaojifunza kuandika programu. Katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, wapo wanaosoma fasihi ya Kiswahili. Wakikaa pamoja, hadithi hiyo wanayo. Iwekwe Kilolo, kwenye misitu ya Udzungwa. Serikali ya kubuni imenunua droni za kulinda hifadhi dhidi ya majangili, nazo zimeelezwa jangili ni nani: mtu anayetembea usiku msituni akiwa na kitu kirefu mkononi. Usiku mmoja mama wa kijiji cha jirani anakatiza msitu akiwa na mpini wa jembe. Sura zinazofuata zisihangaike na jicho jekundu. Ziende ofisini, zitafute nani aliandika maelezo yale, nani aliweka saini, kama palikuwa na swichi ya kuzimia na nani alikuwa na ufunguo wake, na watoto wa yule mama watamshtaki nani mahakamani Iringa.